Raundi ya 13: ugumu wa kuwapima mabondia wa zamani na wa leo

Mwaka 1969, katika studio moja mjini Miami, Rocky Marciano na Muhammad Ali walipanda ulingoni kupigana pambano la maigizo. Marciano alikuwa na miaka 45, amestaafu tangu 1956 akiwa na mapambano 49 na ushindi 49. Alikuwa amejikondesha na kuvaa nywele za bandia ili afanane na yule kijana wa zamani. Ali alikuwa na miaka 27, kijana kweli, ila leseni yake ilikuwa imefutwa baada ya kukataa kuandikishwa jeshini, kwa hiyo hakuwa na ulingo mwingine wa kupanda. Walirekodi raundi fupi fupi zipatazo 70. Wakarekodi na miisho kadhaa: Marciano anashinda, Ali anashinda. Kompyuta iliyolishwa takwimu zao ndiyo ingechagua mwisho wa kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

Ali alikuwa na sababu ya kutoiamini. Katika mashindano ya kubuni yaliyorushwa redioni mwaka 1967 na waandaaji walewale, kompyuta ilimtoa mbele ya Jim Jeffries, bingwa wa mwaka 1899 hadi 1905. Ali akafungua kesi.

Jibu la kompyuta tuliache kwanza, maana swali lenyewe lina mafundo ya kufunguliwa.

Unapouliza nani zaidi kati ya bondia wa jana na wa leo, umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Nani aliwazidi wenzake wa zama zake kwa umbali mkubwa zaidi? Wakikutana, kila mmoja akiwa katika ubora wake, nani anashuka na ushindi? Na la tatu, ambalo karibu hakuna anayeliuliza: wakutane kwa kanuni za nani? Anayemtetea Joe Louis kwa kuwa alitetea ubingwa wa uzito wa juu mara 25 kati ya 1937 na 1949 anajibu la kwanza. Anayesema Tyson Fury wa zama hizi, mwenye urefu wa sentimita 206, angemlalia Louis kwenye kamba hadi aishiwe nguvu anajibu la pili. Wanaweza kukesha wakibishana na wote wawili wakawa sahihi. Mwishowe hutokea msuluhishi akasema kila zama na kitabu chake, watu wakatawanyika. Msemo mzuri, ila mimi huuona ni mlango wa kutokea. Vitabu vya zama mbili vinaweza kusomwa pamoja, mradi ujue kila kimoja kiliandikwa kwa sheria zipi. Ndiyo maana naanza na lile swali la tatu.

Raundi tatu zilizofutwa

Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, Ray Mancini alimwangusha Mkorea Duk Koo Kim katika raundi ya 14. Kim alipoteza fahamu na kufariki siku chache baadaye. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, ikatangaza kwamba mapambano yake ya ubingwa hayatazidi raundi 12 tena, na kabla muongo huo haujaisha mashirika mengine yalikuwa yamefuata. Ulikuwa uamuzi wa kuokoa maisha, na sina ugomvi nao. Lakini uliubadilisha mchezo kuliko shabiki wa leo anavyodhani.

Chukua usiku wa 23 Septemba 1952, Philadelphia. Bingwa ni Jersey Joe Walcott, mtu mzima wa miaka 38. Mpinzani ni Marciano. Katika raundi ya kwanza tu Walcott anamtandika ngumi ya kushoto na Marciano anakwenda chini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ngumi za kulipwa. Raundi zinapita, uso wa Marciano unachanika, na baada ya raundi 12 kadi zote tatu za waamuzi zinamwonyesha Walcott yuko mbele. Raundi ya 13 inaanza. Walcott anarudi nyuma hadi mgongo unagusa kamba. Wote wawili wanarusha mkono wa kulia kwa wakati mmoja, lakini wa Marciano una safari fupi zaidi. Unafika kwanza. Walcott hatupwi mbali. Anashuka taratibu, mkono wake umenasa juu ya kamba, goti linagusa sakafu, kichwa kinainama kama cha mtu aliyesinzia ibadani. Refa anahesabu kumi na bingwa bado yuko palepale.

Kwa kanuni za leo, kengele ya mwisho ingekuwa imeshalia. Walcott angeinuliwa mkono, Marciano angekwenda nyumbani ameshindwa kwa pointi, na ile 49 kwa sifuri ambayo watu huitaja kama aya isingekuwepo.

Si Marciano peke yake. Mwaka 1941 Billy Conn, aliyepanda kutoka uzito wa chini yake, alikuwa mbele ya Joe Louis baada ya raundi 12, akatamani kummaliza kwa nokauti, akamalizwa yeye katika ya 13. Mwaka 1981 Thomas Hearns alikuwa akiongoza kwenye kadi zote kabla Sugar Ray Leonard hajamsimamisha katika ya 14. Upepo uliwahi kuvuma upande mwingine pia. Juni 1952, katika joto kali la uwanja wa Yankee, New York, Sugar Ray Robinson alikuwa akimchapa Joey Maxim kwa pointi ili kuchukua ubingwa katika uzito wa tatu. Joto lilimshinda refa kwanza, akabadilishwa baada ya raundi ya 10. Kisha likamshinda Robinson: kengele ya raundi ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kitini. Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake kushindwa kabla ya raundi kwisha. Kwa raundi 12, alikuwa bingwa.

Mtu makini atanishika hapa: kama Walcott angejua ni raundi 12, Marciano naye angejua, na wasingepigana vile. Ni kweli kabisa. Bondia wa raundi 15 aligawa pumzi yake tofauti. Alipoteza raundi za mwanzo kwa hesabu, kama mkimbiaji wa masafa marefu anayeacha wengine wamtangulie. Ndiyo hoja yenyewe. Ukimchukua Fury au Anthony Joshua wa leo ukamwingiza raundi ya 14, humpi nyongeza ya dakika tisa tu, unampeleka mahali ambapo hajawahi kufika. Na ukimleta Marciano kwenye raundi 12, umemnyang'anya silaha yake kubwa kuliko ule mkono wa kulia, yaani uwezo wa kuwa hatari palepale mwenzake anapokuwa hoi.

Mzani wa jana

Jambo la pili halionekani kwenye televisheni. Mabondia wa zamani walipimwa uzito siku ileile ya pambano. Leo hupimwa siku moja kabla, desturi iliyoshika kasi miaka ya 1980. Bondia anajikausha maji kwa siku kadhaa, anapanda kwenye mzani macho yamezama, kisha ana zaidi ya saa 24 za kunywa na kula. Anayepanda ulingoni ni mtu mwingine.

Februari 2000, New York, Arturo Gatti na Joey Gamache walipangiwa kikomo cha kilo 64. Usiku wa pambano, mzani usio rasmi wa televisheni ulimwonyesha Gatti akiwa na kilo zaidi ya 72. Gamache aliangushwa vibaya katika raundi ya pili na hakupigana tena.

Kwa hiyo mtu anaposema Robinson, bingwa wa kilo 66.7, akutane na bingwa wa leo wa kilo 66.7, namba ni ileile lakini miili siyo. Wa leo anaweza kuwa mtu mzito zaidi aliyepita kwenye mlango wa wadogo. Ukitumia mzani wa leo, unampa yeye faida ya kilo kadhaa. Ukitumia wa zamani, atapanda ulingoni amekauka, au itabidi aende uzito wa juu zaidi, akakutane na Robinson yule wa uzito wa kati. Simtakii mtu safari hiyo.

Kazi ya kila juma

Februari 1943 Robinson alipigana mara tatu. Tarehe 5 alipoteza kwa Jake LaMotta, pambano lake la kwanza kupoteza baada ya ushindi 40. Tarehe 19 akamshinda Jackie Wilson. Tarehe 26 akarudiana na LaMotta na kumshinda. Bingwa wa leo akipigana mara mbili kwa mwaka tunasema ana bidii.

Terence Crawford alipomshinda Canelo Álvarez, Septemba 2025, alifikisha pambano la 42 katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa, na yote ameshinda. Robinson alimaliza na mapambano kama 200. Harry Greb wa miaka ya 1920 alifika karibu 300, na hakuna filamu hata moja ya pambano lake iliyopatikana. Hata Robinson, wengi tunamjua kupitia filamu za uzito wa kati, alipokuwa ameshapita kilele chake. Tunamtazama mfalme wakati wa machweo na bado tunashika kichwa.

Mapambano mengi yana faida na madhara yake. Faida ni kwamba bondia alijifunza mbele ya watu, dhidi ya kila aina ya mtindo, na akajua la kufanya siku mambo yanapoharibika. Madhara ni vipigo, na mabaki yake yalionekana uzeeni. Tena tusiwatukuze kupita kiasi. Wengi kati ya wale wapinzani 200 walikuwa vibarua wa kujaza ratiba.

Kilichobadilika zaidi ni bei ya kupoteza. Robinson alipoteza mara 19. Mtoto wa leo akiona namba hiyo anadhani alikuwa wa kawaida. Alipostaafu mara ya kwanza mwaka 1952 alikuwa amepoteza 3 tu: kwa LaMotta, kwa Randy Turpin na kwa Maxim. Nyingine 16 zilikuja baada ya kurudi mwaka 1955, mtu mzima anayetafuta hela. Floyd Mayweather alistaafu na 50 kwa sifuri, na kwa akili ya biashara ya leo sifuri ile ni mali, inalindwa kama yai. Sitamlaumu, aliijua biashara yake. Lakini sifuri inapima mambo mawili kwa pamoja, uwezo wa bondia na umakini wake wa kuchagua nani wa kukutana naye na lini, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa macho.

Mikanda nayo ina hesabu yake. Mwaka 1938 Henry Armstrong alishika ubingwa wa uzito tatu kwa wakati mmoja, enzi ambazo uzito wote uliotambulika ulikuwa nane. Leo kuna uzito 17, na kila mmoja una mikanda minne mikuu: WBA, WBC, IBF na WBO. Anayetwaa yote minne, kama Naoya Inoue alivyofanya katika uzito wa pili mwaka 2023, amefanya kazi ngumu kwelikweli. Anayeshika mmoja na kuitwa bingwa wa dunia, mimi humwita bingwa wa kuanzia.

Waliofungiwa nje

Hapa wapenzi wa zamani, nikiwemo mimi, hutakiwa kunyamaza kidogo. Jack Johnson alitwaa ubingwa wa uzito wa juu Sydney mwaka 1908, akaupoteza kwa Jess Willard mjini Havana mwaka 1915. Baada ya hapo hakuna mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea hadi Joe Louis mwaka 1937. Harry Wills alimsubiri bingwa Jack Dempsey miaka nenda rudi, pambano halikuja. Sam Langford, ambaye wajuzi wengi humweka kwenye kumi bora wa wakati wote, hakuwahi kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ukimsifu Dempsey kwa kutawala zama zake, uliza ni nani waliokuwa nje ya mlango.

Mlango mwingine ulifungwa kwa siasa. Teófilo Stevenson wa Cuba alitwaa dhahabu ya Olimpiki uzito wa juu mara tatu, 1972, 1976 na 1980, na hakuwahi kupigana ngumi za kulipwa, sawa na mabondia wote wa Kisovieti wa wakati wake. Ali na wenzake walitawala dunia iliyokuwa na vipande vilivyokatwa. Ulimwengu wa leo umefunguka hadi bingwa anaweza kutoka Ukraine, Japani au Kazakhstan. Kwa upande huo wa leo wanashindana na watu wengi zaidi, na hoja hii ndiyo nzito kuliko zote wanazoweza kuwatwanga nazo wazee.

Lakini wa leo ni wakubwa mno!

Hii ndiyo husikika kwa sauti ya juu, nayo ina ukweli nusu. Marciano siku ile ya Walcott alikuwa na kilo 83 na nusu. Leo asingekuwa uzito wa juu kabisa. Angepangwa katika uzito wenye kikomo cha kilo 90.7, ambao enzi zake haukuwepo. Fury alipomkabili Oleksandr Usyk Desemba 2024 alipima kilo zaidi ya 127. Kati ya Marciano na Fury kuna tofauti ya mtu mzima mwembamba. Mbele ya Fury, kichwa changu hakimpi Marciano nafasi kubwa, hata kama moyo unakataa.

Ila majitu hayakuanza jana. Willard alikuwa na urefu unaokaribia mita mbili na kilo zipatazo 111, na Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha mara saba katika raundi ya kwanza, Julai 1919. (Kanuni ya kwenda kona ya mbali mwenzako anapoanguka haikuwepo, Dempsey alisimama juu yake na kumpiga kila alipoinuka. Ondoa hilo uone kama zinabaki saba.)

Jibu zuri zaidi limetoka zama hizi hizi. Usyk ana sentimita 191, sawasawa na Ali. Amezaliwa 17 Januari, siku ileile ya Ali, ingawa hilo ni la kufurahisha tu. Alipima kama kilo 101 alipokutana na Fury mara ya kwanza, Mei 2024 mjini Riyadh. George Foreman alikuwa na kilo 100 alipopigwa na Ali, Kinshasa, Oktoba 1974. Kwa mwili, basi, Usyk ni mtu wa enzi za Ali na Foreman. Na mtu huyo alimshinda Fury mara mbili. Mara ya pili alikuwa amezidiwa karibu kilo 25. Alifanya hivyo kwa miguu, kwa ngumi nyingi za mkono wa mbele, na kwa kutokaa mahali pamoja muda wa kutosha kuegemewa.

Ukiniambia Ali wa mwaka 1967 asingeweza kumpiga Fury kwa sababu ya ukubwa, nitakuuliza Usyk alifanyaje. Nakubali kwamba Usyk ana vitu ambavyo Ali hakuwa navyo: alikuja na mapambano zaidi ya 300 ya ridhaa, na hupiga mwilini, kazi ambayo Ali hakuipenda. Ukubwa una faida, lakini hukoma pale mwenye mwili mkubwa anapochoka kuubeba.

Mnyororo

Kuna njia moja ya kuunganisha zama bila kompyuta, nayo ni kufuata watu waliogusana ngumi. Marciano alimpiga Archie Moore mwaka 1955. Moore akapigwa na Ali, wakati huo Cassius Clay, mwaka 1962. Ali akapigwa na Larry Holmes mwaka 1980. Holmes akakutana na Ray Mercer mwaka 1992. Mercer akapigwa na Wladimir Klitschko mwaka 2002. Klitschko akapigwa na Fury mwaka 2015 na Anthony Joshua mwaka 2017. Wote wawili wakapigwa na Usyk. Kutoka Marciano hadi Usyk ni pete chache tu, karibu miaka 70.

Mnyororo unapendeza, ila una kasoro: karibu kila pete inamkamata mkubwa akiwa anaondoka. Moore alikuwa ameshapita miaka 45, Ali 38 na tayari mgonjwa, Mercer 41, Klitschko 39 kwa Fury na 41 kwa Joshua. Ukiusoma bila kuangalia umri utadhani kila kizazi kinakizidi kilichopita, kumbe kinachoshinda kila mara ni ujana.

Basi angalia pete iliyogoma. Februari 1992 Holmes alikuwa na miaka 42. Mercer alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1988, hajapoteza hata moja. Holmes alijiegemeza kwenye kona, akamwita kwa ishara ya mkono aje, akampiga kwa pointi raundi 12.

Na kuna usiku wa 5 Novemba 1994, Las Vegas. Foreman ana miaka 45 na amevaa bukta aliyovaa Kinshasa miaka 20 iliyopita. Michael Moorer, bingwa ambaye hajawahi kupoteza, ana miaka 26. Kwa raundi tisa kijana anafanya atakavyo, na kadi zote zinamwonyesha yuko mbele. Mzee hana haraka. Katika raundi ya 10 anatuma moja kwa kushoto, kisha kulia kufupi, kunakopita katikati ya mikono. Moorer analala chali, macho yanatazama taa. Foreman anakwenda kona yake, anapiga magoti. Ng'ombe hazeeki maini. Usiku mmoja hauthibitishi kwamba miaka ya 1970 ilikuwa bora kuliko ya 1990, lakini yeyote anayedai kwamba sayansi ya mazoezi imewaacha wazee wale nyuma kabisa ana kazi ya kuueleza. Mbio za mita 100 zina saa, kwa hiyo tunajua Usain Bolt alikuwa na kasi kuliko Jesse Owens. Ulingoni hakuna saa ya namna hiyo. Ngumi inapimwa kwa mtu aliye mbele yako, naye anabadilika.

Mizani yangu mwenyewe, kwa anayetaka kunishika: katika uzito mdogo na wa kati nawapa wazee, hasa wakipimwa siku ya pambano, uzito wa juu kabla ya Ali nawapa wa leo, kuanzia Ali nakwenda mmoja mmoja, na Ali na Usyk kwa raundi 15 nampa Ali kwa pointi chache, kwa raundi 12 sina ujasiri.

Tulimwacha Marciano studio. Kurekodi kulipokwisha, yeye na Ali waliondoka kila mmoja bila kujua ni mwisho upi utakaochaguliwa. Tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46, Marciano alikufa katika ajali ya ndege ndogo. Januari 1970 filamu ikaonyeshwa, na watazamaji wa Marekani wakaona jibu la kompyuta: Marciano mshindi, kwa nokauti, katika raundi ya 13.